Mkono Niliouficha Kuresoi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikifumba macho naiona. Baridi ilikuwa inauma kama siafu, na mimi na baba mdogo wangu Zakayo tulikuwa juu ya lori lililotoka Molo kwenda kubeba viazi Kuresoi. Sisi hatukufuata viazi. Tulikuwa tunaenda kwa Mzee Yohana, babake Rahabu, ili nijulikane nyumbani kwao.

Rahabu nilimjua kanisani, wakati akikaa Molo kwa dadake. Alikuwa na kicheko kinachoanza machoni kabla hakijafika mdomoni. Ah! Ngoja kwanza nipumue.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Niliajiriwa kuosha mikebe katika shamba la ng'ombe wa maziwa: maji ya moto yanayofuka, sabuni kali ya unga, tangu alfajiri, mikono haikauki. Nikaanza kuwashwa vidole. Kisha yakatoka malengelenge madogo madogo ubavuni mwa vidole na viganjani, yamejificha chini ya ngozi kama punje za mtama. Yakiwasha, silali. Yakikauka, ngozi inabambuka na kupasuka mpaka damu. Nikidhani nimepona, yanarudi.

Wenzangu wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema ni ukoma, mwingine akasema nimerogwa. Mimi niliogopa kuliko wao wote. Nikaambiwa niyatoboe kwa pini na kuyamwagia mafuta ya taa, nikafanya hivyo, mkono ukavimba na kutunga usaha. Sikumwambia mtu, hata Rahabu. Mikono yangu ikahamia mifukoni mwa koti, na kwa vile Molo ni baridi, hakuna aliyeuliza.

Basi tukafika. Mzee Yohana alitoka nje mwenyewe, akamsalimia Zakayo kwa mikono miwili, kisha akaninyoshea mimi mkono. Nikainamisha kichwa. Mikono yangu ikabaki mifukoni.

"Kijana, mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu, mzee."

Akaurudisha polepole. Chai ikaja, na Rahabu mwenyewe akanishikia kikombe, akingoja nikipokee. Nikasema nimeshiba. Aliangalia mifuko yangu, akaniangalia usoni, akakiweka kikombe chini. Hakurudi tena sebuleni.

Tulipokuwa tukingoja lori barabarani, Zakayo alinigeukia kwa hasira. "Umeniaibisha mbele ya mzee wa watu! Toa hiyo mikono niione."

Nikaitoa. Aliitazama, akaketi kwenye nyasi zenye umande bila kujali suruali yake ya kanisani.

"Na mbona hukusema?" akaniuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Mficha uchi hazai, kijana wangu. Mimi ni babako. Ungeficha kwangu mpaka lini?"

Kesho yake alinipeleka hospitali Nakuru. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alikichukua kiganja changu kwa mikono yake mitupu na kukigeuza penye mwanga wa dirisha.

"Mama, nitakuambukiza," nikamwambia.

"Haya hayaambukizi. Si ukoma, si uchawi. Ngozi yako imechoshwa na maji na sabuni. Na aliyekwambia utoboe, huyo ndiye aliyekuletea usaha."

Nililia, mwanangu. Si kwa maumivu. Nilikuwa nimesahau mkono wa mtu unavyokuwa na joto.

Daktari alinipa dawa ya usaha na mafuta ya kupaka, nikapona polepole. Lakini nilipopata nguvu ya kutuma salamu Kuresoi, Rahabu alikuwa ameshaolewa upande wa Njoro.

Tulikutana baadaye sokoni Molo, akiwa na mtoto mgongoni.

"Naona leo una mikono," akasema, akaninyoshea wake.

Nikampa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale kati ya magunia. Alipitisha kidole gumba juu ya makovu yangu.

"Kumbe ni haya tu?"

"Ni haya tu."

"Sisi tulidhani umetudharau. Ungeniambia, ningekushika hivyo hivyo."

Mtoto akalia, akamtuliza, akaenda zake. Sikumwona tena. Nilioa, na mama watoto wangu nilimpenda mpaka siku niliyomzika, Mungu ni shahidi. Lakini asubuhi nyingine, baridi ikishuka kama ile, kiganja hiki hukumbuka kidole gumba kile.

Kwa hivyo nisikilize, wewe unayeosha vyombo vya watu, unayesuka nywele, unayekamua. Ngozi za wengine ni nyepesi tangu kuzaliwa, na huchokozwa na maji ya kila saa, sabuni kali, jasho, hata pete ya chuma rahisi, na mawazo mengi pia. Osha kwa maji ya vuguvugu. Vua pete kwanza. Kausha mpaka katikati ya vidole, kisha paka mafuta mazito yasiyo na manukato kabla ngozi haijakauka kabisa. Ukivaa glavu za mpira, tanguliza za pamba ndani, jasho lisikutese. Malengelenge usiyatoboe, na mafuta ya taa ni ya taa. Ukiona usaha au uvimbe, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Huenda yakarudi hata ukijitunza. Yakirudi, si kosa lako.

Na zaidi ya yote, usiyafiche. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi kilio changu kilikuja kimya kimya, kwa kikombe cha chai.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu. Na siku itakapouma, akupe mtu wa kuishika, na wewe akupe moyo wa kuitoa.