Nilivyosalimia Waumini Chini ya Kuba

Nacheka sasa, lakini siku ile sakafu ya marumaru ingepasuka ningejitumbukiza mwenyewe bila kusukumwa. Mama Neema, mama wa mchumba wangu, anaishi Sugar Land, Texas, na alikuwa bado hajakubali kwamba mpakiaji wa mizigo ghalani Grand Prairie kama mimi anamfaa binti yake, kwa hiyo tulipokwenda Italia sisi watatu nikajitolea kuwatembeza kanisa moja la kale (nilisoma somo moja la majengo chuo cha jioni, tangu hapo najiona profesa).

"Mama, tazama juu. Hayo ni makuba mawili, moja ndani ya jingine, ndiyo maana hayaanguki."

"Kumbe umesoma!" akasema, na uso ukalainika kidogo.

Watalii walisimama nyuma ya kamba maana mbele ibada ilikuwa inaendelea, lakini mimi msomi nikaona kamba ni ya wengine, nikawaongoza hadi viti vya katikati, chini ya kuba lenyewe. Padri akatutazama, akapanua mikono, akasema kitu kwa Kiitaliano. Sasa, kanisani kwetu mchungaji akipanua mikono mbele ya sura ngeni, maana yake ni moja tu: wageni wasimame wasalimie. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Bwana asifiwe!"

Kuba likairudisha sauti mara elfu, nadhani hata watakatifu waliochorwa ukutani waligeuka. Hakuna aliyejibu. Nikadhani hawajanisikia.

"Bwana asifiwe tena!"

"Amina!" akanguruma mtu mmoja. Alikuwa Mama Neema (salamu ile haijawahi kumpita bila kujibiwa).

"Kaa chini, jamani, kaa!" Neema akaninong'oneza, kichwa kiko chini ya benchi. Nami nilishafika "naitwa Barasa, nimeokoka, natoka Texas," mzee mwenye beji akanishika kiwiko, mwenzake akamshika Mama, tukatolewa mlango wa pembeni kama wezi wa kuku.

Nje, kwenye ngazi, nikangoja hukumu.

"Tangu nizaliwe sijafukuzwa kanisani," akasema Mama.

"Nisamehe, Mama."

"Nyamaza. Mwanamume anayetaja jina lake na kwao mbele ya umati ule, huyo hana mke wa siri. Harusi mtafanya." Neema akapiga kigelegele. "Lakini siku hiyo, kijana, ukigusa maikrofoni naondoka na binti yangu!"

Basi nimeapa: ibadani ugenini sisimami mpaka jirani asimame kwanza, na hotuba ya bwana harusi ataisoma kaka yangu.