Alphonse Chama Ajifunza Kuanika Mboga

Alphonse Chama aliendesha kamyo maisha yake yote. Barabara yake ilikuwa ile ya Kasenga: alipakia samaki wakavu wa Luapula, akawaleta Lubumbashi, akapumzika kidogo nyumbani, akarudi tena. Shamba dogo nyuma ya nyumba yao hapa mtaani Kasungami lilikuwa la mke wake, Dorine. Alilima maboga, matembele, lengalenga na nyanya, na zilizozidi alizianika na kuziweka kwa ajili ya kiangazi. Mboga zilipoadimika, sisi majirani tulijua pa kubisha hodi. Chibwabwa chake kikavu, yaani majani ya maboga, akikipika kwa karanga za kutwanga, unashtukia bukari, ugali wetu, imekwisha na bado mkono unarudi kwenye sahani.

Alphonse alipoacha kazi alidhani atapumzika. Mwaka uleule, mvua zikiwa zimekolea, Dorine alianguka jikoni. Kiharusi. Alitoka hospitali akiwa hai, tunamshukuru Mungu, lakini mkono na mguu wa kulia vilikuwa vizito kama si vyake, na maneno yalimtoka kwa shida. Kilichotuuma zaidi ni kwamba aliacha hata kuyatafuta. Mwanamke aliyekuwa akisalimiana na barabara nzima sasa alikaa kwenye kiti barazani akitazama maboga yakitambaa mpaka kwenye uzio, kimya. Binti yao Espérance, aliyeolewa Sakania, alikuja kumuuguza, kisha ikambidi arudi kwa watoto wake.

Majani yalikuwa tele, na Alphonse akaona uchungu yapotee bure. Hakuwahi kuanika hata jani moja, lakini samaki alikuwa amewaona wakianikwa miaka na miaka, akajiambia kuanika ni kuanika. Akachuma kapu zima, akayasugua chumvi, akayatandaza juu ya bati kwenye jua kali. Yalipokauka akampelekea mkewe kwenye sahani. Yalikuwa ya kahawia, yamekakamaa kama ngozi ya ngoma.

Dorine alichukua jani kwa mkono wa kushoto, akalionja, akalitema. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilikuwa nimekuja kuazima mchi, nikadhani analia. Kumbe anacheka, kwa nusu ya mdomo, machozi yakimtiririka.

"Baba Espérance," alisema polepole, "hii haiko mboga. Hii iko samaki."

Tangu aanguke, hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Basi Alphonse akakisogeza kile kiti mpaka karibu na mafiga, akaanza kuuliza kila kitu. Maji yachemke namna gani? Majani yakae ndani mpaka lini? Dorine alijibu kwa neno mojamoja, tena kwa ukali.

"Toa! Toa, inaiva!"

"Niweke kwenye jua?"

"Kivuli. Jua inakula rangi."

Akayatandaza kwenye mkeka chini ya paa, upepo unapopita, akayageuza kwa vidole vyake vinene vilivyozoea usukani. Siku moja Laurent, dereva mwenzake wa zamani, alimkuta amepiga magoti juu ya mkeka.

"Chama! Sasa weye ndiye umekuwa bibi ya nyumba?"

"Hapana," Alphonse akajibu bila kuinuka. "Bibi yangu ndiye anaendesha. Miye niko utingo wake."

Kufika kiangazi alikuwa fundi. Chibwabwa chake kilikauka kikiwa kijani, na ukikivunja kinalia. Ndiyo maana nilishangaa kuona makosa hayaishi. Leo ameweka majani yenye unyevu guniani, kesho amesahau kuyageuza, na kila mara Dorine anamfokea kutoka kitini. Nikamuuliza pembeni, "Baba, kuko nini? Si ulishajua hii kazi?"

Akatazama kama mkewe anasikia. "Nikikosea, anaongea," akaninong'oneza. "Nikifanya muzuri, ananyamaza."

Mwezi wa tisa nyanya zikaiva zote kwa pamoja. Alizikata vipande, akaziweka chumvi kidogo, akazitandaza kwenye mikeka uani, kwa maana nyanya, tofauti na majani, zinalitaka jua. Mvua za kwanza zilikuwa bado. Lakini alasiri moja, Alphonse akiwa ameenda kusagisha mahindi, upepo ulivuma na vumbi jekundu, mbingu ikawa nyeusi. Nilikuwa nakimbilia nguo zangu kwenye kamba nilipomwona Dorine amesimama. Alikuwa amekiegemea kiti kwa tumbo, akikisukuma mbele yake kama mkongojo, na kwa mkono wa kushoto akiburuta mkeka kuelekea barazani. Nikaziacha nguo zangu zilowe. Tukaburuta pamoja mpaka mguu wake ukakataa, akaketi chini palepale, katikati ya nyanya.

Alphonse alifika mbio, mfuko wa unga kifuani, amelowa chapachapa.

"Mama Espérance! Nani alikutoa kwenye kiti?"

"Nyanya," akasema Dorine. Kisha maneno yakamtoka kama yalikuwa yamepanga foleni. "Mutu gani anaona mawingu na anaenda kusaga? Na unafikiri sijue? Kila siku unakosea makusudi!"

Alphonse akaushusha mfuko wa unga. "Ulijua?"

"Zamani."

"Na ulininyamazia?"

"Ningesema, ungeacha."

Alphonse akaketi kwenye tope karibu naye, mzee mzima, akalia. Dorine alimfuta uso kwa mkono uliojaa nyanya, akazidi kumchafua. Nikachukua unga nikauingiza ndani, nikawaacha.

Nyanya nyingine zilioza, haikuwezekana kuziokoa zote. Mkono wa Dorine haujarudi na huenda hautarudi. Lakini sasa anatembea kwa fimbo kati ya matuta, na mumewe hana haja tena ya kukosea ili asikie sauti yake. Laurent mwenyewe alikuja na misumari na mbao, akawatengenezea kichanja chenye paa, kisha akaomba afundishwe ili naye akafundishe kwake. Asubuhi ukipita uani kwao utawakuta wote wanachambua lengalenga, Dorine akitoa amri, Alphonse akiitika, na Laurent akiulizwa amejifunzia wapi kukata shina namna ile.