Kopo la siagi lilivyoniponza siku Hajjati alipokubali kula kwangu

Wakuu, habari za jioni. Wenye haraka pitani tu, uzi ni mrefu kidogo. Yote nitakayoandika yalinitokea mimi mwenyewe, na pale nilipokosea mwenyewe nitaandika vilevile. Kama nataka kujipamba nitaenda saluni.

Mimi ni Mkenya, mwanamke, niko Kampala mwaka wa tano huu. Kazi yangu ni ya kiwandani, upande wa Bugolobi, shift inaanza saa moja kamili asubuhi. Ukichelewa mara tatu unapewa barua. Mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kupotea wiki mbili, tatu. Nyumba yetu ni muzigo wa Kisugu, yaani chumba kimoja na pazia katikati.

Nina binti wa miaka mitatu, Neema.

Sasa huyu Neema tangu ana miezi sita analelewa na jirani yangu, mama mmoja Mnubi mtu mzima. Ameenda Maka, kwa hiyo mtaa mzima tunamwita Hajjati. Hataki kulipwa. Nikimpa kitu anasema nimnunulie mtoto viatu. Asubuhi namgongea saa kumi na mbili na robo, anampokea Neema akiwa bado na nguo ya kuswalia, mimi nakimbia kazini. Bila Hajjati mimi kazi sina, na mtoto wangu hana bibi mwingine katika mji huu. Hilo mlishike vizuri.

Mimi na mwanangu tumekula kwa Hajjati mara zisizo na hesabu. Yeye kwangu? Hata maji hakuwahi kunywa. Sikumlaumu. Nyumba za Wakristo hapa Kampala, pork ni kitoweo cha kawaida kabisa, nyie wa Bongo mnaita kitimoto. Yeye hakuwa na namna ya kujua sufuria yangu imepikiwa nini. By the way mimi mwenyewe siili, si kwa dini, siipendi tu.

Ijumaa moja naenda kumchukua Neema, Hajjati akaniambia:

"Mama Neema, hii kitu mtoto anaimba kila siku, soseji na Irish ya kuchoma ndani ya oveni, mimi nataka kuonja. Sunday nakuja kukula kwako."

Irish ndiyo viazi mviringo hapa. Hicho chakula nilikipika mara moja tu, Krismasi, na Neema hajawahi kunyamaza tangu siku hiyo.

Wakuu, nilifurahi mpaka nikaogopa. Miaka yote hiyo, halafu leo ananiamini.

Jumamosi nilizunguka kama mtu anayeoa. Soseji za ng'ombe, zenye muhuri wa halali, na ile pakiti nikaitunza nimwonyeshe. Nikanunua trei mpya, sahani mpya, vijiko vipya, kisu kipya. Viazi nikachagua kimoja kimoja.

Jumapili asubuhi nikachemsha viazi nusu kuiva, nikavikata vya duara. Soseji nikazikata mshazari nikazigeuzageuza kwenye kikaango kikavu mpaka zikashika rangi. Kitunguu, nyanya, hoho, karoti. Maziwa nikayapika na unga wa ngano kidogo yakawa mazito, nikatia pilipili manga. Jibini kipande, hiyo ilinikata mfuko lakini liwalo na liwe.

Shida ni moja, sina oveni. Jiko langu ni la gesi la plate mbili. Oveni anayo Mutheu, Mkenya mwenzangu wa kazini, anakaa kwenye flat za Bugolobi; hata cha Krismasi nilipikia kwake. Nikambeba Neema na mizigo yangu, nikachukua boda.

Nimefika, Mutheu yuko mlangoni na viatu vya kanisani. Oveni alikuwa ameisugua jana yake, maana nilikuwa nimemwomba na kumweleza mgeni wangu ni nani. Akasema, "Jihudumie, kila kitu kiko jikoni," akashuka ngazi.

Nikaanza kupanga, naangalia, siagi ya kupaka trei nimeisahau nyumbani.

Kwenye shelf kuna kopo la siagi, la njano. Nikafungua. Ndani mafuta meupe yameganda. Sasa sisi tuliokulia Kenya, mafuta meupe ya kuganda ndiyo mafuta ya kupikia tunayoyajua tangu utotoni, na kopo la siagi likiisha halitupwi, linawekwa kitu kingine. Mama yangu aliweka hata vifungo vya shati humo. Sikujiuliza mara mbili. Nikachota, nikapaka trei nzima, na kwa ujinga wangu nikapaka na juu ya viazi ili viwe rangi ya dhahabu.

Kunusa? Sikunusa, wakuu. Pua yangu ilikuwa imejaa kitunguu.

Dakika arobaini chakula kikatoka kinachemka pembeni, juu kimekauka vizuri. Nikakifunga kwa taulo, boda mpaka Kisugu, nimekipakata na mtoto yuko kati yangu na dereva.

Saa saba Hajjati akaingia. Amevaa gomesi ya kijani, nadhifu. Nikamwonyesha pakiti ya soseji, akacheka kidogo akasema hakuna haja, lakini niliona ameisoma. Akanawa. Akasema bismillahi. Akaanza kula.

Akafunga macho. "Hii iko tamu," akasema.

Simu yangu ikalia. Mutheu. Nikatoka mlangoni kuongea.

"Shosti, mafuta yangu ya kopo umeyatumia? Naona yamepungua. Si neno, ila ni yale niliyoyatoa kwenye pork ya Ijumaa, niliyaweka ya kukaangia mihogo."

"Nimepaka trei nzima," nikasema.

Halafu nikasikia anasema polepole, "Mungu wangu. Yule mgeni." Akashusha pumzi. "Usimwambie. Mimi simwambii mtu. Hatajua maisha yake yote." Akakata.

Nilibaki nimesimama kizingitini na simu mkononi. Kutoka pale namwona Hajjati vizuri. Anakula.

Niwaambie nilichofikiria? Nilifikiria saa moja asubuhi. Nilifikiria barua ya kazini. Nilifikiria Neema nitamwacha na nani. Nikajiambia hajui, na asiyejua hana kosa. Nikajiambia nimekusudia mema. Nikajiambia hata nikimwambia sasa, kilichoingia kimeshaingia. Kichwa kilinipa sababu nzuri nzuri, sijui zilikuwa zimejificha wapi siku zote. Na muda wote huo mkono wa Hajjati unaenda kwenye sahani, unarudi mdomoni. Nilikuwa navihesabu vijiko. Vilifika sita.

Halafu akanyanyua sahani, akanitazama akitabasamu.

"Mama Neema, ongeza kidogo."

Hapo ndipo niliposhindwa. Kumtazama akila niliweza, wakuu, nasema ukweli. Kumpakulia kwa mkono wangu sikuweza.

Nikapiga magoti kama wanavyofanya hapa mbele ya wakubwa. Nikasema, "Hajjati, nisamehe, acha kula. Mafuta niliyopaka ni ya nguruwe. Sikujua. Mutheu ndiye amenipigia simu sasa hivi."

Akaweka sahani chini polepole sana. Hakunitukana, na heri angenitukana. Akatoka nje mpaka kwenye bomba la uani, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Majirani waliokuwa wanafua wakaacha kufua. Akavaa kandambili zake akaenda kwake. Neema akamfuata akilia, mlango ukafungwa.

Chakula chote nilikimwaga. Jioni ile sikupika, mtoto alikunywa uji.

Jumatatu saa kumi na mbili na robo nikasimama kwa Hajjati na mtoto mgongoni, sijui kama nigonge. Nilikuwa tayari nimeandika meseji ya kumwambia supervisor naumwa. Nikagonga.

Akafungua. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Jana hasira ilinishika sana," akasema. "Nimelala nayo. Asubuhi nikafikiri. Chenye mtu hajui, Mungu haandiki. Mimi sina shida. Lakini wewe, ungenyamaza nani angejua? Umesikia kwa simu, umeniambia palepale. Watu wa hivyo wako wachache. Leta mtoto."

Palepale.

Nilitakiwa kufungua mdomo dakika ile. Nikasema "asante Hajjati," nikampa Neema, nikakimbia kazini. Sikuchelewa.

Hiyo ni miezi minane sasa. Hajjati anakula kwangu karibu kila Jumapili. Mafuta tunanunua pamoja. Na ile habari anaisimulia kwa kila mtu, dada zake, wanawe waliotoka Arua, hata imamu wa msikiti wao. "Huyu Mkenya alinipigia magoti, hakungoja hata dakika." Watu wananitazama kwa heshima, na mimi natazama mikeka.

Juzi amesema anataka akifa, mimi niwe miongoni mwa watakaoitwa kwanza. Nililia, akadhani nalilia kifo chake.

Funzo la jikoni ni rahisi: kopo lisilo lako, nusa na uulize, na ukipikia mtu wa dini nyingine, beba mpaka mafuta. Hilo nimelijua.

La pili bado linanishinda ndiyo maana nimekuja kwenu. Ananiheshimu kwa kutongoja hata dakika, na mimi nilingoja. Nikimwambia kuhusu vile vijiko sita, naweza kumpoteza, na safari hii sitakuwa na simu ya kusingizia. Nikinyamaza, ndiyo nakuwa yule ambaye yeye anaamini mimi siye.

Waislamu wa humu, wenye wazazi kama huyu, mngetaka kuambiwa? Na nyie mliowahi kusifiwa kwa jambo msilostahili, mlifanyaje? Andikeni bila kuniremba, nasoma zote.

Kesho nampelekea mtoto kama kawaida.