Ukweli kuhusu Mama Neema, mkwe wake Mholanzi na kamba ya boti

Wakuu, salaam kwenu nyote mlio Louisville, Columbus, Buffalo na kwingineko.

Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu. Ambaye hakuwemo botini namwomba asome kwanza, abishe baadaye.

Yupo binamu yetu wa Buffalo, simtaji jina, anayesambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba mdogo wangu, Mama Neema wa Columbus, "alikula meza moja na mkwe wake" huko Uholanzi. Eti na mimi, niliyeutumikia utawala wa serikali pale Uvira, Kongo, hadi kustaafu, nilitazama tu.

Nayakanusha maneno hayo yote.

Kwa wasiofahamu: katika ukoo wetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani ana kwa ana. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Wakikutana njiani, mmoja huiacha njia.

Sasa nawauliza, wakuu: juu ya boti, njia ya kuiacha iko wapi?

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2015. Neema, aliyekulia Westerville karibu na Columbus na kupata kazi Uholanzi, alitaka kuolewa na kijana aitwaye Joost. Mama yake hakuwa amesema ndiyo wala hapana, na bila neno la mama hakuna harusi. Joost akatualika kwenye boti ya baba yake, yenye injini, vitanda na jiko dogo.

Nilimtahadharisha Neema kwa simu. Akanijibu, "Mjomba, it's just a boat."

Basi tukapanda.

Niseme haki, safari ile ilikuwa kama ndoto. Tulianzia kwenye mfereji mrefu ulionyooka, boti ikienda taratibu kuliko mtu atembeaye. Miti ilikuwa imesimama ukingoni na mingine imesimama ndani ya maji, kichwa chini. Ng'ombe walitutazama bila kuacha kutafuna. Kuna wakati sikujua kama ni sisi tuliokuwa tukienda au ni nchi iliyokuwa ikiondoka polepole. Mto Ohio hapa Louisville naupita kila mara darajani, wala sijawahi kuusikia. Kule niliyasikia maji yakizungumza chini ya sakafu.

Mama Neema aliketi mbele kabisa, kitenge kichwani, mgongo kwa nahodha. Joost alishika usukani nyuma. Mimi katikati, mbeba maneno.

"Yaya," dada ananiita, ndiyo kaka mkubwa kwetu, "umuulize uyu bwana choo iko wapi."

"She can ask me, Uncle," Joost anasema.

"Hapana. Hawezi."

Siku ya pili nikamkuta Neema jikoni, machozi yakidondokea vitunguu.

"Mjomba, anadhani Mama hamtaki. Anasema hawezi kuoa kwenye familia inayompa mgongo. He wants to call it off."

Kumbe binti hakumweleza kijana neno lolote. Nilikwenda nikaketi karibu na Joost, nikamfafanulia kwamba mgongo ule ndio heshima aliyopewa.

"Kwa hiyo akinitazama, ni vibaya?"

"Vibaya sana."

Joost akaivuta kofia hadi kwenye pua.

"Joost!" Neema akapiga kelele. "Angalia unakokwenda!"

Tukafika kwenye mlango wa maji, pale boti hufungiwa kati ya kuta mbili, kisha maji hupunguzwa hadi usawa wa mto IJssel ulio chini. Kamba huzungushwa kwenye chuma cha ukutani na kushikwa mkononi, ili iachiwe kidogo kidogo boti inaposhuka. Kamba ya mbele ilikuwa kwa Mama Neema.

Yeye aliifunga. Aliifunga kama mbuzi wa sokoni, fundo lisilofunguka.

Maji yakashuka. Mbele ya boti ikabaki ikining'inia, sahani zikaanza kuporomoka jikoni.

"Tell her to let go!" Joost akaniambia.

Nikaanza kwenda kufikisha ujumbe. Magoti yangu si ya ujana, na sakafu ilikuwa imekuwa mlima. Joost akanipita akikimbia, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaikata kamba kwa kisu. Boti ikaanguka majini. Dada akaanguka mikononi mwa mkwe.

Wakatazamana.

Halafu kitenge kikashuka, kikafunika uso wote.

Tukaendelea hadi Zutphen, mji wa kale wenye minara, ambako kengele zililia juu yetu kama vile mtu anaota kwa sauti. Tulitembea vichochoroni, dada upande mmoja wa barabara, Joost upande wa pili kwa hiari yake. Katika kanisa kubwa tukaoneshwa maktaba ya zamani ambamo vitabu vimefungwa kwa minyororo.

Dada akavitazama kwa muda mrefu.

"Watu ya zamani walikuwa na akili. Ningemufunga Neema ivi, hangefika Ulaya."

Tulipotoka akaketi kwenye benchi.

"Yaya, umwambie uyu kijana nimemuona. Siwezi kusema sijamuona. Na sura yake haiko mubaya."

Nikavuka barabara, nikafikisha.

"Is that a yes?"

Nikavuka tena. Dada akacheka ndani ya kitenge.

"Bon, amekwisha piga magoti mbele yangu, anataka kupiga ingine? Umwambie aoe."

Nilipomfikishia, Joost akageuka, akampa mama mkwe wake mgongo kwa adabu zote.

Jioni ile dada alikula mbele ya boti, Joost nyuma. Sahani nilizibeba mimi. Binamu wa Buffalo asahihishe maneno yake, tena kwenye makundi yaleyale.

Funzo nililolipata: mila asiyoelezwa mgeni humfikia kama tusi. Mwelezeni kabla hajapanda boti.

Nakaribisha maoni, hasa ya wenye wakwe wanaoendesha magari madogo huko Columbus: mama mkwe mnamkalisha wapi?