Wanaume Kwenye Kamba ya Nguo

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa tukiishi chumba kimoja cha kupanga huko Karagita. Niliporudi kazini kwenye shamba la maua, nilikuwa nikifika nyumbani jioni miguu imevimba. Jumapili moja, tulipotoka kanisani, mume wangu aliketi nje kwenye kigoda, akaweka karai mbele yake na kuanza kufua nepi za mtoto wapangaji wa ploti nzima wakimtazama.

Wanaume waliokuwa wakiota jua walicheka sana. "Boss, umekaliwa!" jirani wa mlango wa pili akamwambia. "Bibi amekupatia kazi!"

"Mtoto ni wangu," alijibu bila kuacha kusugua. "Nepi zake pia ni zangu."

Mimi ndiye niliyeona aibu. Nikamsihi afulie ndani. Akasema ndani hakuna nafasi, kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa ile sauti yake mbaya.

Hakumshauri mtu afanye kama yeye. Kila Jumapili alitoa tu karai lake. Baada ya muda, jirani yule aliyemcheka alitoka na karai pia, akajifanya anafua kofia yake tu. Chini ya kofia kulikuwa na sweta za watoto wake. Mume wangu alimsogezea sabuni.

Kufikia Pasaka, wanaume walikuwa wakigombania kamba ya kuanikia huku wakibishana kuhusu mpira. Sisi akina mama tulikaa kivulini na chai yetu, tukiwaelekeza: "Hiyo kola bado, rudia!"