Nilivyofundisha hasara ya kahawa kwa sinema kule Bwera, na Kapteni akataka jibu

Wakuu, heshima kwenu wote.

Juzi kijana mmoja humu aliuliza kama inafaa kufundisha management accounting kwa video na case study, maana wanafunzi wake wanasinzia. Nilimjibu mistari miwili, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nimeona nifungue uzi wangu mwenyewe.

Haya niliyapitia mimi, sikusimuliwa na mtu. Vyeo na mahali pengine nimevificha, kwa sababu watoto wa wahusika wapo na huenda wengine wanasoma hapa.

Ilikuwa miaka ya sabini, Uganda ikiwa chini ya serikali ya jeshi.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala na digrii ya biashara. Kijana mwoga. Nikisalimiwa na mtu kwa sauti tofauti na ya jana, siku nzima naitafuta sababu. Nikiandika sentensi moja naigeuza mpaka inachakaa.

Nikapata kazi kwenye mradi wa kufundisha makarani na watunza stoo wa vyama vya ushirika vya kahawa. Ofisi ilikuwa Kasese mjini. Kutoka hapo tulizunguka Maliba, Karusandara, mpaka Bwera kwenye mpaka wa Zaire.

Bosi wetu hakutaka ubao na chaki peke yake. Alitaka watu waone. Video hazikuwepo wakati ule, wakuu. Tulikuwa na filamu za mkanda, projekta, na Land Rover yenye jenereta. Dereva ndiye aliyeendesha projekta. Alikuwa Mtoro, mtu wa Toro, wa makamo; tulimwita Amooti kwa jina lake la heshima, maana kila Mtoro hupewa moja.

Filamu yetu ilipigwa Maliba. Ni fupi. Wakulima wanaleta kahawa mbichi, inapimwa, inaanikwa kwenye mikeka, inageuzwa, inapimwa tena. Uzito umepungua. Hakuna aliyeiba. Maji yameondoka na jua.

Hiyo tukaiita hasara ya kawaida, normal loss. Unaitarajia, unaiweka kwenye hesabu ya gharama, humuulizi mtu.

Baada ya filamu nagawa karatasi ya case study. Stoo fulani imepoteza uzito mkubwa kuliko ule wa maji. Sehemu iliyozidi ni hasara isiyo ya kawaida, abnormal loss. Darasa libishane: imetoka wapi, na nani aijibu?

Hapo ndipo nilikuwa na sentensi yangu ya kufungia somo. Niliipenda sana. "Hasara ya kawaida hujibiwa na jua. Hasara isiyo ya kawaida lazima iwe na mtu wa kuijibu."

Watu waliinakili kila mahali.

Sasa jambo la majina.

Mwanzoni karatasi ilisema "Bwana X, mtunza stoo". Kule Karusandara walikataa kabisa kubishana. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, huyu X ni mwana wa nani? Mtu hana kwao, tutamuhukumu namna gani?" Wakacheka, wakatoka kuvuta sigara.

Nikaona nimpe jina. Niliwaza wiki nzima. Jina la Kitoro? Watasema Mtoro anatukanwa mbele ya Wakonzo, wenyeji wa kule. Jina la Kiganda? Hapo ndio balaa. Jina la Kizungu watacheka tena.

Nikakumbuka kwamba Wakonzo wanaita watoto kwa kufuata kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kuendelea. Kila nyumba ina Baluku wake. Nikajiambia, jina la kila mtu si la mtu yeyote. Ni kama kusema "fulani".

Nikaandika Baluku. Na ili mjadala uchemke nikaongeza mstari: "Mnunuzi mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka huonekana jioni karibu na stoo."

Nilijisifu kwa mstari ule.

Bwera tulifundishia kwenye ukumbi wa kanisa. Tulifunika madirisha kwa mablanketi, Amooti akawasha projekta. Watu walifurahi. Kisha nikagawa karatasi.

Kabla sijamaliza kusoma, ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

Mtunza stoo wa chama cha Bwera alikuwa benchi la pili. Mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto. Jina lake Baluku.

Akasimama, ameshika karatasi juu. "Eh, mwalimu! Mimi nilikuja kusoma, kumbe nilikuja kufungwa!"

"Kaa chini, mwizi," mwenzake akamwambia. "Tulijua tu. Hilo tumbo si la mushahara."

"Na mgeni wa ng'ambo ni Kambale!" akapiga kelele mwingine. "Mwambie Kambale akimbie!"

Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo. Alivuka na familia yake wakati wa vita vya kule, akabaki. Aliuza vitenge na sabuni, na alipanga chumba nyuma ya stoo ile ile ya kahawa. Kwa hiyo ni kweli alionekana jioni karibu na stoo. Ndiko alikolala.

Nilitaka kuzikusanya karatasi zile pale pale. Nikafikiri, nikizikusanya wataona kuna jambo. Nikiziacha, ni utani tu. Baluku mwenyewe alikuwa anacheka kuliko wote. Nikaziacha.

Ni somo bora nililowahi kufundisha. Walibishana mpaka jua likapungua nguvu. Jioni utani ukahamia baa. Wanasema Baluku aliisoma karatasi ile kwa sauti ya hakimu, akajihukumu mwenyewe kumnunulia kila mtu tonto, pombe ya ndizi. Askari mmoja wa kituo cha mpakani alikuwa pale. Akacheka na wenzake. Kisha akaomba karatasi.

Mjue hali ya wakati ule. Kahawa ilikuwa inavuka usiku kwenda Zaire kwa sababu bei ya kule ilikuwa nzuri. Serikali iliita hiyo magendo, na mtu wa magendo hakupelekwa mahakamani; alichukuliwa na askari, na wengi hawakurudi.

Asubuhi Baluku hakufika darasani. Tulidhani ni tonto.

Aliyefika ni mkewe, Masika, bila viatu. Hakunisalimia.

"Wamemubeba. Yeye na Kambale. Wako na karatasi yako mukononi."

Nikamwambia polepole, karatasi ile ni ya kujifunzia tu. Ni hadithi.

"Mimi najua ni hadithi," alisema. "Unaniambia mimi ya nini? Enda uambie wao."

Darasa zima lilikuwa linaniangalia. Hakuna aliyecheka.

Nilipiga mahesabu ya kila namna. Nikienda Kasese kumtafuta bosi, nitarudi wamekwisha kuhamishwa. Nikienda mwenyewe, nitawekwa pamoja nao. Nikimtuma padri, wataona tunaficha. Amooti aliniacha niwaze, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nawasha gari. Ukimaliza kufikiri utanikuta ndani."

Nikapanda.

Kituo cha askari kilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya serikali. Kapteni hakuwa mtu wa huku. Alikuwa mpole, na hilo lilinitisha zaidi. Karatasi yangu ilikuwa mezani, ina doa la tonto.

"Wewe ndiyo naandika hii?"

"Ndiyo, afande. Lakini huyo Baluku si huyu. Ni mtu wa kubuni. Hakuna kahawa iliyopotea."

"Hapa iko muhuri ya serikali."

"Ni muhuri wa mradi, afande. Tunaweka kwenye karatasi zote."

"Serikali natuma wewe kufundisha watu uongo?"

Nikisema ndiyo, nimetukana serikali. Nikisema hapana, Baluku ni mwizi.

Amooti ndiye aliyeniokoa. Akasema kwa adabu, "Afande, hii ni somo. Sinema iko kwa gari. Ukiona sinema utaelewa yote."

Kapteni akafikiri. "Leta sinema."

Tukafunga projekta kwenye chumba cha nyuma. Askari wakajaa, mmoja akauliza kama tuna mpira wa miguu. Kisha wakawaleta Baluku na Kambale, wakawaketisha sakafuni ukutani. Baluku hakuwa na kofia yake. Jicho moja lilikuwa limefumba. Kambale alikuwa na rozari shingoni na shati limechanika.

Nimefundisha miaka mingi baada ya siku ile, wakuu. Sijawahi tena kufundisha vizuri hivyo.

Nilieleza kila picha. Hii ni kahawa mbichi, ina maji. Hapa inapimwa. Hili ni jua. Hapa inapimwa tena, tazama mshale wa mizani, afande. Uzito umeshuka na hakuna mtu aliyegusa gunia. Mtunza stoo hana kosa. Kila stoo ya kahawa duniani ina hasara hii.

Kapteni alisogeza kiti mbele. "Rudisha pale ya mizani."

Amooti akarudisha.

"Rudisha tena."

Mkanda ulipokwisha aliagiza madirisha yafunguliwe. Halafu akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko ya makarani wangu. Jua la siku ngapi? Mvua ikinyesha je? Mtunza stoo akianika vibaya? Nikajibu yote. Nikaona anaelewa, na moyo wangu ukaanza kupata nafasi kifuani.

Akachukua karatasi. "Sawa. Maji nimeona. Maji nachukua kilo hizi. Lakini hapa umeandika imepotea nyingi kupita maji."

"Ndiyo, afande, kwenye hadithi."

"Hii ya juu unaitaje?"

"Hasara isiyo ya kawaida."

"Na nani najibu hiyo?"

Nilijua jibu lipo mdomoni kwangu tangu Maliba. Nikalimeza. Nikasema, "Afande, hakuna kahawa iliyopotea. Ni mfano."

Akaigeuza karatasi. Nyuma, mwenye karatasi ile alikuwa ameinakili sentensi yangu kwa kalamu, kama nilivyowafundisha. Kapteni akaisoma polepole, kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

"Lazima iwe na mtu wa kuijibu." Akanitazama. "Hii ni maneno yako?"

"Ni yangu, afande."

"Maneno mazuri."

Akamwonyesha Baluku kwa kidole. "Wewe ya stoo. Wewe iko na ile ya jua. Simama. Enda nyumbani."

Baluku hakusimama. Nadhani hakuamini. Askari akamvuta.

Kambale alielewa kabla yangu. Alipiga magoti, akanitazama mimi, hakumtazama Kapteni.

"Mwalimu," alisema, "mu sinema yote ile mimi sikuonekane hata kidogo. Uwaambie. Mimi siko mule."

Nikasema, "Afande, ni kweli, hayumo."

"Nimeona," Kapteni akajibu. "Wote iko ndani ya sinema, kazi yao naonekana. Huyu peke yake hapana. Basi hiyo ingine ni yake."

Niliendelea kusema. Nilisema Kambale anauza vitenge, hajawahi kugusa gunia, mstari ule niliuweka ili watu wabishane tu. Nilisema mpaka askari mmoja akanishika bega na kuniambia, "Mwalimu, somo imeisha."

Amooti alikuwa anakunja waya. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Tulimrudisha Baluku kwenye Land Rover. Masika alikuwa ukumbini na wanawake wengine, wakampokea kwa vilio vya furaha. Pembeni alikuwa amesimama mke wa Kambale, Kavira, na mtoto mgongoni. Alitazama mlango wa gari kwa muda mrefu baada ya sisi wote kushuka.

Kambale hakuonekana tena.

Bosi alipeleka barua, padri akaenda mara kadhaa, ndugu wakaja kutoka Butembo. Waliambiwa hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kuletwa pale.

Kavira alibaki Bwera. Aliuza sabuni ile ile, chumba kile kile. Baluku alirudi kazini, na kutoka kwenye stoo yake lazima upite mlango wa Kavira. Mwalimu mmoja wa Bwera aliniambia baadaye kwamba Baluku alivunja ukuta wa upande wa pili, akaweka mlango mwingine. Kavira hakuwahi kumwambia neno baya. Kila mavuno Masika alimpelekea kikapu cha muhogo, na kila mara kikapu kilirudi kimeoshwa, ndani kuna kipande cha sabuni.

Mimi niliendelea kufundisha. Ningefanya nini kingine?

Kwa kijana aliyeuliza: ndiyo, video na case study zinafanya kazi. Watu wataona, wataamini, watakumbuka. Usinielewe vibaya. Tatizo ni kwamba wanaamini zaidi ya ulivyokusudia, na karatasi ikitoka darasani haina mwalimu wa kuisimamia.

Tangu siku ile, kila hesabu ya hasara ninayofundisha ina mstari wa mwisho unaoitwa "sababu haijajulikana", na mwanafunzi anayeujaza hivyo nampa maksi zake zote. Wakaguzi wamenigombeza sana. Wanasema nafundisha uvivu. Labda.

Ila kuna jambo silimalizi. Kama ningesema mapema kwamba hasara yote ni maji, ningekuwa nimedanganya hesabu, na huenda wote wawili wangetoka. Au huenda Kapteni angeona namdanganya na wote wawili wangebaki. Nimeipiga hesabu hii kwa njia zote ninazozijua.

Wakuu, hasa mliofundisha na mliopita mpaka ule miaka ile: mngemjibu nini? Andikeni hapo chini. Na kama kuna mtu wa Bwera au wa upande wa Butembo anayejua aliko yule mtoto wa mgongoni, sasa atakuwa mtu mzima, naomba aniambie kama anaweza kupokea salamu zangu, au kama nimwache.