Pua ya Mpiga Zumari

Utotoni nilikuwa nikilaza sikio kifuani kwa babangu, Bwana Mselem, mpiga zumari wa Langoni. Nilisikia upepo ukiingia na kutoka, na chini yake moyo ukigonga taratibu, kama mgeni asiye na haraka ya kufunguliwa mlango. Nililala papo hapo. Hata sasa nikisinzia mchana huusikia.

Zumari yake haikukata. Harusi nzima ilipita mtaani kwa sauti moja, na siri ilikuwa mashavuni: mdomo ukisukuma nje hewa iliyowekwa akiba, pua inavuta nyingine. Watu wakasema Mselem ana kifua cha chuma, naye akawaamini, maskini. Nampenda, lakini ukweli usemwe.

Mwaka jana miguu ikamvimba. Akawa halali ila kwa mito mitatu. Tukimwuliza, anakwenda uani kupiga zumari bila kukata, nasi tunatulia. Kosa letu lilikuwa hilo.

Nikamkokota hospitalini. Tabibu Wafula, mtu wa bara, akampa kidude apulize bila kukata. Baba akapuliza. Wafula akaitazama saa, halafu akasahau kuitazama.

"Mzee, haya mapafu ni ya kijana!"

Baba akanitupia jicho la ushindi. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na mimi niliogopa vibaya sana.

"Mzibe pua," nikasema.

"Huwaida!" baba akanikemea.

"Mzibe pua, daktari."

Sekunde sita tu, akaanza kukohoa.

Wafula akampiga picha ya moyo, kisha akatueleza. Upande wa kulia wa moyo hupeleka damu mapafuni ikachukue hewa. Wa kushoto huipokea na kuisukuma mwili mzima. Wa kushoto wa baba umechoka, kwa hiyo damu inasongamana nyuma na maji yanavuja mapafuni. Vidonge vipo. Zumari ndiyo basi.

"Umeniaibisha mbee ya mgeni," baba akaniambia tukirudi.

Hakusema nami tena mwezi mzima. Salamu aliitikia kwa kuwa dini imemlazimu. Vidonge alimeza. Mito ikapungua, ukabaki mmoja. Mimi nilikuwa nikilia jikoni na kusingizia vitunguu.

Jana alasiri harusi ikapita chini ya dirisha letu. Mpiga zumari alikuwa Yassir wa Mbwajumali, ambaye siri ya mashavu hajaijua. Katikati ya wimbo akakata, akavuta pumzi. Baba, kitandani, akavuta naye. Ngoma zikashuka chini, msafara ukasimama, wanawake wakabaki na vigelegele mdomoni mpaka zumari iliporudi.

"Huwaida, ndoo," akaniita kwa mkono.

Nikaenda. Akakilaza kichwa changu kifuani pake, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Upepo uliingia, ukatoka.

"Kumbe mtu akivuta pumzi," akasema, "hungojwa."